Barafu Yangu na Uyoga wa Shimo la Buhare

Jumatatu, 2 Juni 2025

Naanza daftari hili kwa faida ya vizazi vijavyo. Mimi, Machage wa Nyakato, ndiye mtu anayeijua barafu kuliko wote mkoa huu wa Mara. Miaka ishirini na mbili nauza barafu Mwigobero, kwenye mwalo wa samaki. Kila sato aliyefika Arusha bila kunuka amelalia barafu yangu. Bila mimi, Musoma ingekuwa inanuka mpaka leo. Kuna mkubwa mmoja aliwahi kuniambia maneno hayo hayo. Au alikuwa anataka kuniambia, gari lake likaondoka.

Na hiyo barafu ya Mwigobero ni ya kazi tu. Mwaka 1998 nilisimama juu ya barafu ya Kilimanjaro. Picha iko sebuleni juu ya televisheni: mimi nimevaa koti zito, nyeupe kila upande, nyuma yangu jabali la kijivu limechomoza kama ungo uliokatwa nusu. Hakuna mgeni anayekunywa chai kwangu bila kuelezwa lile jabali.

Leo kaja Ghati, mtoto wa dada yangu. Yuko chuo, shahada ya pili. Anasomea fangasi! Nikadhani kanitafuta mimi binafsi, maana ninao, katikati ya vidole vya mguu wa kulia, mwaka wa tisa huu. Kumbe ni fangasi wa udongo. Amepanda Kilimanjaro mara tatu kuchota udongo pale barafu inapoishia. Nikamwambia kule ni kwangu, nikamwonyesha picha. Aliitazama kwa muda mrefu. Akaomba maji ya kunywa.

Tukila ugali wa muhogo alieleza. Barafu ya mlimani inapungua kila mwaka. Ikirudi nyuma inaacha ardhi tupu, haina jani, haina mdudu, ukiiona unasema imekufa. Kumbe wageni wameshaanza kuingia. Fangasi wadogo, nyuzi nyembamba kuliko unywele, wanaletwa na upepo, na vumbi, na miguu ya ndege. Wanakula mabaki yaliyoangushwa na upepo, wadudu waliokufa, chochote. Nani atangulie, ni bahati tu. Baadaye wanakuja fangasi wa kuishi na mizizi: mmea unawapa sukari, wao wanaupa maji na chumvichumvi za kwenye mawe. Ukitoka kwenye ukingo wa barafu ukashuka chini, kila hatua unavuka miaka. Hapa barafu iliondoka juzi, pale iliondoka babu akiwa kijana.

Nikamwambia huo ni mtaa wetu wa Nyakato kabisa. Walianza watu wasio na hati, wanakula vumbi. Wakaja wenye vibanda. Likaja kanisa. Ikaja baa. Ghati akacheka, akaandika kwenye kijitabu chake. Sayansi imeninukuu.

Ndipo akataja shimo langu la Buhare.

Hilo shimo lina historia. Watengeneza barabara waliomba kuchimba moramu kwenye kiwanja changu. Nikawaruhusu kwa akili: wakimaliza, mvua itajaza, nafuga sato. Maji hayakukaa hata wiki. Huu mwaka wa tatu, halijaota hata jani moja. Jirani yake ni shamba la Lameck, kaka yake mke wangu. Migomba yake imeinama upande wangu kama inachungulia msiba. Huwa anapitaga hapo akipaza sauti: shemeji, mbuzi wangu kapotelea jangwani kwako, nitumie ngamia!

Ghati anasema ardhi iliyokwanguliwa hivyo inafanana kidogo na ile iliyoachwa na barafu. Anataka kupima kipande, aone nani anafika kwanza, kama mazoezi kabla ya kurudi mlimani.

Sasa jambo zito. Jumapili ya tarehe 15 ni mavuno kanisani kwetu. Baada ya ibada anachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mavuno. Kiti hicho nakitaka mwaka wa sita sasa. Anayekitaka lazima alete zao la ardhi yake mwenyewe. Mwaka jana nilileta kabichi. Lameck akawaonyesha watu kwamba bado imefungwa kamba ya sokoni. Tangu hapo imewekwa kanuni: Jumamosi kabla ya mavuno, mzee wa kanisa anapita shambani kuliona zao likiwa bado ardhini. Kanisa zima limebadilisha utaratibu kwa sababu yangu. Wangapi wanaweza kusema hivyo?

Na fangasi ndiye mama wa uyoga. Hilo nalijua bila chuo. Shimo ninalo. Siku ninazo kumi na tatu.

Jumanne, 3 Juni

Ghati kapigilia vigingi vinne vya mti pembeni ya njia, kazungushia kamba. Kipande chenyewe hakizidi mkeka wa mtu mmoja. Kaniachia ulinzi. Kaniambia: mjomba, usiweke kitu, usitoe kitu, usikanyage. Mpaka Jumamosi ya tarehe 14 tu. Nikamjibu anaongea na mtu aliyelinda tani za samaki.

Nikamuuliza uyoga utatoka lini. Akasema wengi wa hao fangasi hawatoi uyoga wa kuonekana kabisa, na hata huko mlimani mambo huchukua miaka. Nikatingisha kichwa kama msomi. Vijana wana papara ya kukata tamaa.

Halafu akaenda upande wa pili wa shimo na mke wangu Boke, wakakaa huko nusu saa wameinama. Niliuliza wanafanya nini. Boke akasema anamwonyesha kuni. Sawa. Ghati kaelekea Butiama kukaa na bibi yake, yaani mama yangu.

Nimekaa kwenye ukingo wa shimo nikifikiri. Kule mlimani barafu inakuja, inaondoka, halafu fangasi wanaingia. Hapa fangasi hawajaingia. Kwa nini? Shimo hili halijawahi kuwekewa barafu! Wasomi wote hao, hakuna aliyeliona. Imebidi aje muuza barafu.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya kihistoria. Nimepeleka Buhare mabonge saba ya barafu kwa guta. Wateja wa Mwigobero wamelalamika, nikawaambia leo barafu iko kwenye utafiti. Nimeyapanga ndani ya kamba ya Ghati, nikafunika na pumba za mpunga. Ghati alisema nisiweke kitu. Lakini barafu si kitu, ni maji yaliyosimama.

Lameck akaja na bakuli la karanga, akakaa juu ya mgomba ulioanguka kama yuko mpirani. Akaniuliza, shemeji, unazika nani? Nikamwambia barafu inarudi nyuma, anyamaze ajifunze. Akasema ya kwako hairudi nyuma, inakimbia.

Ni kweli ilikimbia. Kilimanjaro inachukua miaka mingi, yangu ilichukua saa nne. Maendeleo.

Lilibaki tope lenye magamba ya samaki, maana yale mabonge yalikuwa ya jana. Magamba yakaita makorongo. Tisa! Wakatembea ndani ya kipande kama kamati ya ukaguzi. Nilitaka kuwafukuza, nikakumbuka: miguu ya ndege inaleta fangasi. Nikawaacha. Mmoja alimeza fundo la kamba.

Boke alikuwepo upande wa pili na fagio la miiba. Nikamuuliza anafagia shimo? Akasema, Baba Clever, fanya ya kwako. Tangu Clever wetu ahamie Mwanza, huyu mama hana kazi ya kutosha.

Ijumaa, 6 Juni

Hakuna uyoga. Nimegundua tatizo: njaa. Ghati alisema wa kwanza wanakula mabaki. Shimo langu upepo wake ni mchoyo. Nimepeleka ukoko wa ugali, maharage ya juzi, na kinyesi cha ng'ombe, debe moja. Nimetandika vizuri. Harusi nyingine hazijapewa chakula hicho.

Halafu wazo likanijia lenyewe. Kwa nini nisubiri fangasi wa upepo wakati ninao wa kwangu, wazoefu, wa miaka tisa? Nikampigia Ghati simu Butiama. Nikauliza kwa ujanja, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: huyo wa miguuni ni fangasi kweli au ni jina tu? Akasema ni fangasi kweli, ni ukoo mmoja mkubwa. Akauliza, mjomba, kwani vipi? Nikasema najiendeleza tu.

Nikavua viatu. Nikazunguka ndani ya kamba mara saba, nikikandamiza kidole hadi kidole. Lameck akapita. Akavua kofia. Akaniambia shemeji, kama ni maombi ya mvua, ungesubiri mihogo yangu ikauke kwanza.

Nikaendelea kuzunguka. Wakubwa hawajibu.

Jumatatu, 9 Juni

Jana kanisani mchungaji alitangaza mavuno. Akauliza nani ataleta nini. Lameck akasimama: mkungu wa ndizi, unabebwa na watu wawili. Watu wakapiga vigelegele. Mimi mdomo wangu ulisimama kabla ya miguu. Nikatangaza: uyoga! Uyoga wa barafu, kutoka shimo la Buhare, zao ambalo halijawahi kuonekana mkoa huu! Halafu mzee Burito, mzee wa kanisa, akasema amina, na kwamba Jumamosi atafika shambani kwangu kabla hata ya kwa Lameck. Boke aliinamia kitabu cha nyimbo mpaka ibada ikaisha.

Kwa hiyo leo nimeenda Butiama. Nyumbani kuna kichuguu nyuma ya zizi. Kila masika kinatoa uyoga mweupe, mkubwa kama kofia ya polisi. Kichuguu hicho ni cha mama yangu. Tangu nikiwa mdogo, hakuna anayegusa uyoga wake kabla yeye hajachuma wa kwanza. Nilingoja aende kisimani. Nikachimba robo gunia.

Nikainua macho, mama kasimama na ndoo tupu. Ana miaka themanini na mbili na hasikiki akitembea. Akaniuliza mtu mwenye ndevu nyeupe anaiba udongo? Nikasema ni sayansi ya Ghati. Akamwita Ghati. Ghati akatoka ndani, akaangalia gunia, akaniangalia mimi, akasema eti sayansi yake haina gunia. Mtoto mkweli kupita kiasi.

Mama akasema uyoga ule ni wa mchwa, mchwa ndio wanaoulima humo ndani, ukibeba udongo bila mji wao umebeba udongo tu. Ghati akasema bibi amesema kweli kabisa, hata vitabu vinasema hivyo. Basi wakakaa wanacheka, bibi na mjukuu, na mimi nimeshika jembe. Lakini mama aliniacha niondoke na gunia. Akasema achukue, labda litampunguzia maneno. Akanipa na maziwa ya mgando. Maziwa ya mama yangu ni mazuri sana. Siku haikuwa mbaya.

Jioni nimemwaga udongo ule kwenye kipande.

Jumatano, 11 Juni

Mama alikosea. Mchwa walikuwemo.

Wamekula vigingi vyote vinne. Vimebaki kamba na magamba. Nikapigilia vipya, kwa kukumbuka. Nafikiri ni pale pale. Mita moja huku au huku, fangasi hawana hati.

Hakuna uyoga. Kuna ukungu juu ya ukoko wa ugali, kijani, na mwingine mweusi wenye nywele. Nimeutazama kwa dakika kumi. Hauwezi kupelekwa kanisani.

Boke bado anafagia upande wa pili. Leo kafukuza mbwa kwa mawe. Nikamuuliza kwani pale kuna nini. Akasema pana amani.

Ijumaa, 13 Juni

Akili haichoki. Nimeenda Bunda.

Bunda kuna kikundi cha akina mama wanaolima uyoga, ule uitwao mamama. Wanaulima ndani ya nyumba ya giza, kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa majani makavu ya mpunga, imening'inizwa darini kama nyama buchani. Uyoga unachungulia kwenye matundu ya mfuko. Mkuu wao anaitwa Mbuke. Mwanamke mchangamfu, kicheko chake kinafika stendi.

Nilikuwa nimejipanga kununua uyoga na kuondoka kimya. Lakini Mbuke akaniuliza natoka wapi. Mtu akikuuliza vizuri utamnyima? Nikamweleza barafu, nikamweleza Kilimanjaro na lile jabali. Akashika kifua akasema kumbe tumeketi na mtu mkubwa namna hii! Nikamweleza na mavuno, na kiti kinachoningoja. Akauliza kanisa gani. Nikamtajia, na mtaa, na saa ya ibada. Nikamwambia siku moja aje na wenzake waone. Akasema wallahi, wao hawana mazoea ya kukataa mwaliko.

Watu wakarimu sana, Bunda. Uyoga nimeufikisha nyumbani kwenye kasha la barafu, safi kama umekatwa sasa hivi. Hapo ndipo utajua mtaalamu ni nani.

Jumamosi, 14 Juni

Alfajiri nilikuwa shimoni. Nimepanda uyoga mmoja mmoja kwenye tope, makundi makundi, umesimama. Mwingine uliinama, nikauegemeza kwa kijiti cha kiberiti. Ukitazama kutoka mbali unaweza kulia.

Saa mbili kafika mzee Burito, na Lameck nyuma yake bila kualikwa. Burito macho yake si ya zamani. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akasema Bwana asifiwe, jangwa limechanua! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, jambo ambalo silizoei, shingo ikauma.

Lameck akachuchumaa. Akavuta mmoja. Ukatoka kama kalamu kwenye kikombe. Akasema shemeji, hauna mizizi. Nikamjibu uyoga wowote duniani hauna mizizi, kamuulize Ghati. Akaurudisha kwenye tope! Nimemshinda kwa ukweli, mara ya kwanza. Akaona kijiti cha kiberiti. Akauliza na huu ndio uti wa mgongo? Nikasema ni kipimo cha kitaalamu. Burito akaandika kwenye karatasi yake: zao limeonekana ardhini. Ikawa imekwisha.

Nikavuna haraka. Nikiwa na ungo umejaa, Ghati huyo hapo, kashuka na vifaa vyake kutoka Butiama. Nilisahau kabisa kwamba leo ndiyo siku yake ya kuchota.

Akatazama kipande. Kulikuwa na ukoko, maharage, kinyesi, udongo wa kichuguu, magamba ya samaki, nyayo za makorongo, na nyayo zangu za vidole vitano vitano. Vigingi vipya. Akatazama ungo. Akauliza, mjomba, kuna mtu aliingia humu?

Nikasema hakuna, labda upepo.

Akageuka akaangalia ziwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikajua analia. Nikajisikia vibaya, kusema kweli. Shahada ya mtoto wa dada yangu, na mimi nimeitandikia maharage. Nikataka kumwambia. Badala yake nikamshikia kimfuko chake.

Alichota kijiko kimoja, akakiweka kwenye kimfuko, akaandika. Kisha akaenda upande wa pili kwa Boke. Walikaa huko muda mrefu sana.

Sikula mchana. Kidogo tu. Sahani moja.

Jumapili, 15 Juni

Naandika yote, kizazi kihukumu.

Kanisa lilijaa. Mkungu wa Lameck ulibebwa na watu wawili kweli. Ungo wangu ukawekwa mbele kabisa, umefunikwa kitambaa cheupe. Nilikuwa nimevaa suti. Mzee Burito akasimama kusoma karatasi yake, akafika kwenye maneno jangwa limechanua.

Mlango ukafunguka. Mbuke. Na wenzake kumi na wawili, sare za kitenge kimoja, wamekodi gari kutoka Bunda.

Mchungaji akawakaribisha wageni. Mbuke akasimama kutoa salamu. Akasema wamealikwa na mzee Machage, mtu mkubwa, mtu wa watu. Nikanyoosha tai. Akasema wamefurahi mno, maana hawakutegemea. Wakulima wengi uyoga wao unaishia kwenye mchuzi, lakini huyu baba kauchukua kwetu juzi Ijumaa, kauleta madhabahuni kwa Bwana! Na tazameni alivyoutunza, haujanyauka hata mmoja! Wenzake wakapiga vigelegele.

Halafu kutoka kwenye benchi la kwaya kikatoka kicheko kimoja chembamba. Boke, mke wangu wa ndoa. Baada ya hapo kanisa zima. Mchungaji alijificha nyuma ya Biblia. Mzee Burito akavua miwani, akaikunja, akasema tangu leo zao litatazamwa ardhini na litavutwa pia.

Kanuni ya pili sasa. Kwa sababu yangu.

Mwenyekiti wa kamati: Lameck. Kwa kauli moja. Hata mimi nilijikuta nimenyoosha mkono, nilikuwa nataka kujikuna.

Kwenye mnada ungo wangu uligombaniwa kuliko mkungu. Kila mtu alitaka uyoga wa barafu. Aliyeshinda ni Lameck. Akaupeleka moja kwa moja jikoni kwetu, akamwambia Boke, dada, pika, tule wote, na wageni wa Bunda waitwe.

Kabla ya kula nikamwita Ghati pembeni chini ya mwembe. Nikamwambia yote: barafu, ugali, kinyesi, vidole. Nikamwambia nimeiharibu shahada yake. Sauti yangu ilitetemeka, nadhani ni pilipili ya jikoni.

Ghati akanishika mkono. Akaniambia, mjomba wangu, nimekufahamu tangu naota meno. Kipande changu kiko upande wa pili. Mke wako ndiye alikuwa analinda. Kile cha vigingi nilikuwekea wewe, ili mikono yako ipate mahali pa kukaa.

Nikatafakari. Siku kumi na tatu nimelinda kipande cha uongo! Na mabega yake jana hayakuwa ya kilio.

Nilipaswa kukasirika. Lakini uyoga ulikuwa umepikwa na karanga, ulikuwa mtamu ajabu, na Mbuke alikuwa ananiuliza tena habari za Kilimanjaro mbele ya watu kumi na wawili ambao hawajawahi kuisikia. Lameck mwenyewe akanisogezea bakuli. Akasema, mwenyekiti anahitaji mtu wa kushika barafu ya soda siku ya mavuno mwakani. Nikauliza swali moja tu: nitakuwa na cheo? Akasema mratibu. Mratibu Machage. Naona linakaa vizuri.

Jumatano, 2 Julai

Ghati karudi chuo. Leo kanitumia ujumbe mrefu kwenye simu. Majibu ya maabara.

Kipande chake cha kweli, kile cha Boke: fangasi wachache, nyuzi zilizoletwa na upepo, wa aina asizotegemea kuziona pamoja. Na pembeni kijani kidogo, kama kucha ya mtoto, kimeanza kushika jiwe. Anasema ni mwanzo mzuri. Kwenye shukrani za kazi yake ataandika jina la Boke. Boke kasoma ujumbe mara tatu na kwenda kusimama shimoni peke yake. Sasa kila asubuhi tunaenda wote. Ananiruhusu nikae ukingoni, mikono mfukoni. Mahali penyewe pametulia, ziwa linaonekana.

Kile kijiko cha kipande changu nacho alikiotesha, kwa kujifurahisha. Ukungu wa ugali. Ukungu wa maharage. Fangasi wa kinyesi. Na mmoja, anasema, wa jamii inayoishi kwenye ngozi ya binadamu, amestawi kuliko wote.

Wangu! Wa mguu wa kulia! Wengine walipelekwa na upepo, yeye alipelekwa kwa makusudi. Nimeshawaambia Mwigobero kwamba kuna kiumbe kimesajiliwa chuo kikuu kwa jina la Machage. Bado hakijasajiliwa, lakini mambo ya ofisi huchukua muda. Mwezi ujao nampelekea mabonge kumi Lameck, nimfungulie shimo na yeye.

Mwisho wa ujumbe Ghati ameomba jambo. Anasema watafiti wanakusanya picha za zamani za Kilimanjaro, wanalinganisha barafu ya wakati ule na ya sasa, kuona imerudi nyuma kiasi gani. Picha yangu ya 1998 ingewafaa mno, hasa lile jabali, wangeweza kulitumia kupimia. Niitume haraka. Kamalizia na kijipicha cha samaki. Sijui kwa nini samaki.

Nimeishusha ukutani. Nimekaa nayo mapajani mchana kutwa.

Haya. Daftari hili lina kufuli na ufunguo ninao mimi, kwa hiyo naandika. Mlimani sijafika. Ile picha nilipigwa kwenye chumba cha baridi cha kiwanda kimoja cha samaki hapa hapa Musoma, koti niliazima kwa mlinzi, na jabali ni mkia wa sangara.

Nimeshaazima mkasi kwa Lameck. Mkia ukikatwa vizuri, pembeni pale, panabaki barafu tupu.